Kamba Ambayo Haijakatika

Mambo makubwa ya maadili aghalabu hujadiliwa kwa mifano mikubwa: mfalme na raia wake, hakimu na mshitakiwa, tajiri na maskini. Katika insha hii nataka kuuliza swali la zamani kwa mfano mdogo, wenye mafuta na matope. Mtu ana motokaa ya kazi, na mbele ya motokaa hiyo pana winchi. Kamba ya winchi imezeeka, lakini haijakatika. Ni lini mwenye motokaa huwa na wajibu wa kuibadili, na nani mwenye haki ya kusema kwamba wakati huo umefika?

Kwa faida ya msomaji ambaye hajapata kukwama njiani, winchi ni chombo kinachofungwa mbele ya gari, chini ya taa, chenye pipa dogo la chuma linalozungushwa kwa nguvu ya betri au ya injini. Juu ya pipa huviringwa kamba ya mita 25 hadi 30, unene wake kama kidole cha mwisho cha mtu mzima. Gari likizama katika udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, utingo huishika kulabu iliyo mwisho wa kamba, akaivuta mpaka kwenye mti, akaifunga, akajitenga. Dereva huiendesha winchi, na gari hujivuta lenyewe kutoka shimoni. Winchi ya kawaida ya gari la namna hii huvuta mzigo wa kilo 4,000 na zaidi. Mzigo wote huo hupita katika kamba, na kamba iliyokazwa hivyo ni mfano wa upinde uliovutwa. Ikikatika, nguvu iliyokuwa ikivuta gari haipotei. Hurudi na kipande cha kamba kwa mwendo ambao jicho haliufuati. Kamba ya chuma ya urefu niliotaja ina uzito wa kilo 10 hivi. Si kitu cha kumpiga mtu mguuni, seuze kifuani.

Walakini kamba ya chuma ina tabia moja ya heshima, nayo ni kwamba aghalabu haifi bila ya kutoa habari. Sifa hiyo haikuja kwa bahati. Katika machimbo ya milima ya Harz, Ujerumani, mizigo ilikuwa ikipandishwa kwa minyororo na kwa kamba za katani. Wilhelm Albert, ofisa wa machimbo katika mji wa Clausthal, aliipima minyororo mwaka 1829 akaona kwamba mnyororo unaopakiwa na kupakuliwa mara nyingi huweza kukatika kwa mzigo ambao jana yake iliuchukua bila ya taabu. Mwaka 1834 alisokota kamba ya nyuzi za chuma, misokoto 3, na kila msokoto nyuzi 4, ikatumika machimboni. Mnyororo hukatika kwa pete moja, na pete ile haina mwenzake wa kuisaidia. Kamba ya nyuzi hukatika uzi mmoja mmoja. Uzi uliokatika hutokeza nje kama mwiba, na mwenye macho huuona, na asiyetazama huchomwa mkono. Juu ya miiba hiyo kuna kutu, kuna kunjo ambazo hazinyooki tena, kuna mahali pembamba palipobanwa na mahali palipofumuka kama tundu la ndege. Hizi zote ni lugha. Kamba husema kwa miezi kabla ya kukatika kwa nukta moja.

Basi kama kamba husema, kwa nini huachwa? Jibu la kwanza la mwenye motokaa ni lile ambalo kila mmoja wetu amelisikia: mwaka wa tano huu yanivuta na haijanitupa, kwa nini niitupe mimi? Hoja hii ina sura ya ushahidi, hata wenye akili huipokea. Lakini tuitazame vizuri. Safari mia zilizopita salama zathibitisha kwamba kamba ilikuwa nzima katika safari hizo. Juu ya safari ya mia na moja hazisemi kitu, ila kitu kimoja tu, kwamba kamba imekwisha kutumika mara mia. Kila mvuto uliofaulu umelipwa na nyuzi. Mwenye motokaa anazihesabu safari hizo katika daftari la faida, na zilistahili kuandikwa katika daftari la matumizi.

Mwanafunzi mmoja alipata kunipinga hapa, na upinzani wake ulikuwa na nguvu. Alisema kwamba kwa hoja hii hakuna kitu kikuukuu kitakachobaki duniani. Kiti cha bibi yake kimekaliwa miaka arobaini. Je, kila aliyekikalia amekipunguzia haki ya kukaliwa? Nilimjibu kwamba kiti cha bibi kikivunjika huanguka yule aliyekikalia, naye alikijua. Tofauti ya kamba na kiti haipo katika uzee wa vitu hivyo, ipo katika mahali wanaposimama watu.

Tuangalie wanasimama wapi. Dereva yumo ndani ya gari nyuma ya kioo. Madereva wajuzi hata hufungua boneti kabla ya kuvuta, ili kamba ikirudi ipige bati la boneti na kioo kisalimike pamoja na aliye nyuma yake. Mwenye motokaa, kama si dereva mwenyewe, yuko mjini. Nje yupo utingo aliyefunga kulabu, na wapo wanakijiji waliokuja kwa wema wao kusukuma, na wapo watoto, kwa kuwa gari lililokwama ni tamasha. Boneti imefunguliwa kwa ajili ya dereva. Kwa ajili ya utingo kimefunguliwa nini? Watu wenye uangalifu hutandika gunia la mchanga au blanketi zito juu ya kamba katikati, ili uzito ule uiangushe chini ikikatika, na huwaondosha watu wote umbali usiopungua urefu wa kamba yenyewe, tena hawamruhusu mtu kuiruka ikiwa imekazwa. Desturi hizi ni njema na za lazima. Lakini nimeona mara nyingi zikitajwa kuwa ni badala ya kamba mpya, na hapo ndipo wema wake unapogeuka kuwa kisingizio.

Tuna methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali ya hekima, lakini yamhusu mwenye nyumba peke yake: aliyeuacha ufa ndiye atakayejenga. Yatosha kwa mambo ya uchumi. Katika jambo letu anayeuacha ufa ni mmoja, na anayeangukiwa na ukuta ni mwingine. Nimejaribu kutafuta methali inayomsemesha mtu juu ya ufa ulio upande wa nyumba ya jirani, nami sijatosheka na hata moja niliyoipata. Labda wazee wetu hawakuwa na haja nayo sana. Katika jahazi, nahodha na mabaharia walilala juu ya amari moja. Amari ikikatika usiku wa dhoruba, mwenye kuihukumu na waliohukumiwa walikwenda mwambani pamoja, na nahodha aliyeikagua kamba yake ya makumbi jioni aliikagua kwa jicho la mtu atakayezama. Winchi ya motokaa imelitenga jicho hilo na hatari yake.

Jambo hili la jicho lilichunguzwa na Mwingereza W. K. Clifford, mwanahisabati, katika insha yake ya mwaka 1877 juu ya maadili ya kuamini. Alitoa mfano wa mwenye meli iliyozeeka, iliyokuwa karibu kusafiri na wahamiaji. Mtu huyu alikuwa na shaka, lakini aliituliza kwa kujikumbusha kwamba meli ile ilikwisha kusafiri salama mara nyingi, mpaka akaamini kwa moyo safi kwamba haina kasoro. Meli ikazama, naye akapokea fedha za bima. Clifford alihukumu kwamba mtu huyu ana hatia ya vifo vile, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini alivyoamini kwa ushahidi aliokuwa nao. Akaongeza neno lililo gumu zaidi: kama meli ingalifika salama, hatia yake isingalipungua hata chembe.

Nakubaliana na hukumu hiyo, ila naona kwamba mwenye kamba si yule mwenye meli hasa. Mwenye meli wa Clifford alikuwa na shaka akaiua. Mwenye kamba mara nyingi hana shaka yoyote, kwa sababu hajapata kuifungua kamba yake mpaka mwisho na kuitazama. Kamba huchafuka, huviringwa na matope yake, tabaka la juu huyaficha ya chini, na gari huendelea na safari. Je, mtu huyu ni mwema kuliko yule? Moyo wake hakika ni mweupe zaidi. Lakini weupe huo ameupata kwa bei rahisi mno. Mwenye meli alau alishindana na nafsi yake usiku mmoja. Huyu amepanga maisha yake ili ushindani usitokee. Nathubutu kusema kwamba kutotazama, pale ambapo kutazama ni kazi ya saa moja na mwenzako ndiye atakayelipa, ni tendo kamili, ingawa halina saa wala siku ambayo mtu aweza kuionyesha kwa kidole na kusema lilitendeka hapa.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, niruhusiwe kusema kidogo juu ya kitenzi. Baada ya ajali, sentensi ya kwanza inayosemwa ni kwamba kamba imekatika. Sarufi ya Kiswahili yatupa njia mbili za kulisema jambo hili. Tukisema imekatwa, msikilizaji ana haki ya kuuliza imekatwa na nani. Tukisema imekatika, kauli yenyewe haina mahali pa kumweka mtendaji. Hatusemi imekatika na fulani. Mtoto aliyeangusha kikombe ajua sarufi hii kabla hajajua kuhesabu: kikombe, asema, kimevunjika. Namna hiyohiyo kamba huchakaa, gari huzama, mambo hutokea. Silaumu lugha. Kauli hii ni ya lazima, kwani kuna vitu ambavyo kweli havina mtendaji, na lugha isiyoweza kuvisema ingemtafutia kila radi mchawi. Nasema tu kwamba kamba yenye miiba ya kutu, iliyopitishwa mkononi mwa utingo kila siku kwa muda wa miezi, ilikuwa ikikatwa polepole na uamuzi uliorudiwa kila asubuhi. Kitenzi hiki kina haki ya kutumiwa siku ya ajali iwapo tu kabla ya siku hiyo mtu aliitazama kamba.

Atakuja mtu aseme kwamba utingo ameikubali kazi yake pamoja na hatari zake. Hoja ya ridhaa ni nzito, nami siidharau. Lakini ridhaa hutaka mambo mawili: kujua, na kuweza kukataa. Utingo ajua kuliko wote, kwa maana mkono wake ndio unaochomwa na miiba. Kukataa ndiko asikokuweza. Akisema kamba hii mbovu, huambiwa kwamba wako wengine wanaotafuta kazi. Hivyo ujuzi wote uko upande mmoja na uamuzi wote uko upande mwingine, na katikati yake imekazwa kamba. Na wale wanakijiji waliokuja kusukuma hawakuridhia lolote, maana hawakuulizwa.

Bahari ilikwisha kutufundisha dawa ya hali hii, nayo ilikuja kwa ugomvi mkubwa. Samuel Plimsoll, mbunge wa Derby huko Uingereza, alipigana miaka mingi ili meli zisipakiwe kupita kiasi, na mwaka 1876 sheria ilitaka kila meli ya biashara iwe na alama ubavuni kuonyesha kikomo cha mzigo. Lakini ajabu ya sheria ile ni hii: kwa miaka zaidi ya kumi mwenye meli aliachiwa aamue mwenyewe alama hiyo ichorwe wapi. Alama iliyowekwa na mtu anayefaidika nayo ilikuwa pambo tu. Ilipopangiwa mahali pake na sheria ndipo ilipopata maana, kwa kuwa tangu hapo baharia yeyote, hata asiyejua kusoma, aliweza kusimama gatini na kuona kama maji yameipita.

Hukumu ya kamba nayo yahitaji kutolewa katika moyo wa mwenyewe na kuwekwa mahali penye macho ya watu. Katika mashine za kuinulia mizigo jambo hili limefanyika: kuna kanuni za kimataifa zinazoeleza nyuzi ngapi zikikatika katika urefu gani, au unene ukipungua kiasi gani, kamba iondolewe, na mwenye mashine haulizwi anaonaje. Winchi ya motokaa ya mtu binafsi haina mkaguzi wa namna hiyo njiani. Hivyo yambidi mwenyewe ajifunge kwa kanuni aliyoitangaza mapema, siku ambayo hana haraka wala hajakwama, na amwambie utingo: ukiona alama hizi, kamba hii haifungwi, na neno lako ndilo la mwisho. Najua kwamba wengi wataona ni kumpa mtumishi enzi ya bwana. Ndivyo ilivyo hasa, nami sioni njia nyingine ya kuuleta uamuzi mahali ulipo mguu wake.

Siku hizi wengi hudhani kwamba fundi wa kemia ametuondolea taabu hii. Imekuja kamba ya nyuzi za polithini ya namna maalumu, ambayo njia ya kuzitengeneza iligunduliwa mwishoni mwa miaka ya 1970 katika maabara ya kampuni ya DSM huko Uholanzi. Ni nyepesi hata ikaelea majini; kamba nzima ya winchi haifiki kilo 3, na ikikatika haina uzito wa kupiga kama chuma. Hapana shaka kwamba ni neema, na mwenye uwezo wa kuinunua sioni udhuru wake wa kubaki na ile ya zamani. (Nchi yetu, iliyopata kuongoza dunia kwa mkonge, sasa hununua plastiki ya kujivutia, lakini hayo ni maombolezo ya insha nyingine.) Hata hivyo kamba mpya haikuondoa wajibu, imebadili lugha yake tu. Haina miiba. Huota manyoya kidogo juu, na manyoya hayo mwanzoni hayana ubaya, huikinga. Ubaya wake ni mahali palipokauka na kung'aa kama nta iliyoyeyuka, au palipopungua unene, au palipoingia mchanga ndani ya msuko ukawa unasaga nyuzi kwa siri. Jua huidhoofisha. Joto huiua: huyeyuka penye nyuzi 150 hivi za sentigredi, na nguvu zake huanza kupungua mbali sana kabla ya hapo. Katika winchi nyingi breki imo ndani ya pipa lenyewe, na gari likiteremshwa kwa winchi pipa hupata moto, ukaingia katika mizunguko ya ndani ambayo haionekani. Utingo mzee aliyesoma chuma miaka ishirini hawezi kuisoma kamba hii asipofundishwa, na anayemkabidhi bila ya kumfundisha amempokonya ujuzi aliokuwa nao. Na kulabu bado ni ya chuma. Kitu ilichofungiwa kikivunjika, kulabu huruka vilevile.

Tena kuibadili kwenyewe ni kazi isiyopenda uvivu. Vigurudumu ambavyo kamba hupitia mbele ya winchi, kama vilichanwa na chuma cha zamani, vitaikata kamba laini kama msumeno, hivyo hubadilishwa au kusuguliwa mpaka mkono upite bila ya kukwaruzwa. Kamba huingizwa katika pipa kwa upande ule ule uliokusudiwa na mtengenezaji, kwani katika winchi nyingine ikigeuzwa breki haishiki. Haiviringwi ikiwa imelegea. Gari huvutwa polepole penye mwinuko mdogo ili kila mzunguko ulale umekaza, ama sivyo mizunguko ya juu itazama kati ya ile ya chini siku ya mzigo. Na haifunguliwi yote: mizunguko 5 ya chuma, au 8 hadi 10 ya nyuzi, hubaki juu ya pipa, maana hiyo ndiyo inayoubeba mzigo, wala si ile parafujo ndogo ya mwisho. Mafundi wengine hupaka rangi nyekundu mahali mizunguko hiyo inapoanzia. Kila nikiona rangi ile humkumbuka Plimsoll.

Yabaki swali ambalo watu hulipita haraka, nami naliona gumu kuliko yote. Kamba ya zamani ikishaondolewa huenda wapi? Ina urefu, ina sura, na mnunuzi hakosi. Maskini mwenye lori kuukuu atasema, na atasema kweli, kwamba kamba yako mbovu ni bora kuliko kamba yake. Kumnyima ni kumwacha na hatari kubwa zaidi. Hoja hii imenisumbua. Mtu aweza kumweleza mnunuzi kila kasoro, akapunguza bei, akaona kwamba mkono wake umekuwa safi. Lakini mnunuzi naye ana utingo, na utingo huyo hakuwapo wakati wa kuelezwa. Kasoro husemwa mara moja sokoni. Kamba itafungwa mara nyingi porini, na katika mkono wa tatu au wa nne hakuna atakayekumbuka iliondolewa kwa nini. Mwenye kuthibitisha kwa kuiondoa kwamba kamba haifai kusimamiwa na utingo wake, hana neno la kumwambia utingo wa mwenzake. Kama yule mwenye lori ni wa kusaidiwa, na asaidiwe bei ya kamba nzima, au avutwe bure siku akikwama.

Mahali pengi penye kazi ya kuinua mizigo, kamba na mikanda iliyokataliwa hukatwa kabla ya kutupwa, isije ikamrudia mtu. Kamba ya chuma hukatwa kwa tindo na nyundo juu ya kipande cha reli. Ya nyuzi hukatwa kwa kisu kikali. Vipande vya mita 2 hufaa kufungia mbuzi, au kuanikia nguo, au kubania mlango wa boma, na hapana atakayeweza kuviunga akafunga gari.